Do ya Mwalimu Bernadi

Mwalimu Bernadi Kinunda alikuwa na mashine mbili. Ya kwanza ilikuwa ya kusaga mahindi, imefungwa kwenye kibanda cha mabati kando ya barabara ya Matiri, na kila jioni ilizimwa. Ya pili ilikuwa ndani ya kichwa chake, sikio la kushoto zaidi kuliko la kulia, nayo hapakuwa na mtu wa kuizima. Haikunguruma kama ile ya mahindi. Ililia wembamba, mfululizo, noti moja tu, haipandi wala haishuki, kama ukingo wa glasi unaosuguliwa kwa kidole chenye maji.

Ya kwanza ndiyo iliyozaa ya pili. Mashine ya kijiji ilipokufa, na biashara ikawa huria kwa kila mwenye uwezo, Bernadi alikuwa wa kwanza kuleta injini yake ya dizeli. Ilikuwa miaka ile makampuni binafsi ya kahawa yalipoanza kugombea magunia ya wakulima wa Mbinga kama mabibi arusi, na mkulima mwenye akili angeweza kununua kitu cha maana. Bernadi alinunua injini, akasimama kando yake masikio wazi, mwaka baada ya mwaka. Hakuna aliyemwambia kwamba sikio nalo huchakaa kama mkanda wa mashine. Tofauti ni kwamba mkanda unauzwa dukani.

Mtu mwingine angelalamika. Bernadi alikuwa amesoma seminari ndogo mpaka kidato cha nne, akafundishwa huko kwamba jambo usilolielewa hulichunguzi kwa kulalamika. Kwa hiyo aliuchunguza mlio wake. Alikwenda misheni, akakaa mbele ya kinanda cha zamani cha harmoniamu, akabonyeza kitufe kimoja kimoja mpaka akakipata kinachokubaliana nao. Mlio ulikuwa juu zaidi kwa oktavu kadhaa, lakini noti ilikuwa ile ile: A. Akarudi baada ya msimu mzima wa kahawa, akapima tena. A.

Hapo ndipo sifa yake ilipoanza. Kwaya nyingine za dekania, zile za parokia za jirani, zilitegemea filimbi, au mzee mwenye kubahatisha. Mwalimu Bernadi alisimama mbele ya kwaya yake, akafumba macho kidogo, akatoa *do* safi, noti ya kuanzia wimbo, leo kama jana. Watu wakasema ni kipaji. Yeye hakukanusha wala hakukubali; alisema tu, “Tuanze.”

Kasoro ilikuwa moja. Kila wimbo huandikwa na *do* yake. Mmoja F, mwingine G, mwingine D. Mwanzoni Bernadi aliihesabu kutoka A kwenda anakotaka, kama msafiri anayeijua njia panda. Lakini mlio ulivyokua, akitafuta F, A ilimvuta. Akitafuta D, A ilimvuta. Alikuwa kama mtu anayeswaga ng'ombe anayelijua zizi lake. Mwishowe akaacha kushindana naye. Nyimbo zote za kanisa lile, za ndoa, za maziko, za Noeli na za Kwaresima, zikahamia A, na hakuna aliyegundua isipokuwa makoo ya sauti ya kwanza, yaliyolazimika kupanda mno.

Sauti ya kwanza ilikuwa ya akina mama na wasichana, kiongozi wao Ottilia Ndunguru, mjane mwenye shamba la kahawa na ulimi usiopaliliwa. Siku ya mazoezi, Bernadi aligonga kinara cha chuma kwa kijiti, kwaya ikanyamaza.

“Sauti ya kwanza, mmelala?”

“Tupo macho, Mwalimu,” alisema Ottilia.

“Basi imbeni.”

“Tunaimba, Mwalimu. Mpaka mbuzi wa Antoni huko nje wamekata kamba.”

Kwaya ikacheka. Bernadi hakucheka, kwa sababu alikuwa anasema kweli yake: sauti zao zilimfikia kama zimefungwa ndani ya blanketi, maneno yao yamenyofolewa kingo. Besi aliisikia vizuri. Sauti ya kwanza hakuisikia, na mtu asiyesikia kitu huamini hakipo. Akaamuru wapaze. Wakapaza. Akaamuru tena.

Jumapili iliyofuata Padri Xaveri alimngojea nje ya sakristia.

“Tumsifu Yesu Kristo, Bernadi.”

“Milele, amina, Baba.”

“Leo wakati wa Utukufu mshumaa mmoja ulizimika. Sisemi ni kwaya. Nasema ulizimika.”

Bernadi akangoja. Padri hakuwa mtu wa kumaliza neno upesi.

“Mwezi wa nane, sikukuu ya Kupalizwa, kwaya zinakutana ziwani. Halmashauri ya walei imekaa. Wanasema Mwalimu Dunstan wa shule ya msingi anayo filimbi na anayo masikio. Mimi nimekuombea nafasi mpaka sikukuu hiyo. Nenda kapime masikio, ujifunze watakachokufundisha, uisimamishe kwaya ziwani. Ikienda vizuri, ni yako. Ikienda vibaya, Dunstan ataichukua, na akishaichukua hatairudisha. Namjua, na wewe nakujua.”

Dunstan alikuwa anaimba besi, mrefu, mpole, na ubaya wake mmoja ni kwamba alijua kusoma noti. Wiki ile ile alimfuata Bernadi na karatasi mkononi.

“Shikamoo, Mwalimu. Wimbo huu wa Kupalizwa umeandikwa *do* ni F. Mbona sisi tunauimba kwenye A?”

“Marahaba. Karatasi haina koo, Dunstan.”

Jibu lilikuwa zuri, na Bernadi alilifikiria njia nzima ya kwenda nyumbani. Tatizo lake ni kwamba Ottilia analo koo, na kwa kipimo hicho karatasi ndiyo iliyokuwa upande wa Ottilia.

*

Kwenye hospitali ya misheni alikuwepo Sista Gertruda, aliyetoka kusomea masikio Moshi. Alimvika Bernadi vifuniko viwili, akamwambia abonyeze kitufe kila anaposikia sauti. Bernadi alibonyeza kwa bidii, kisha akakaa kimya muda mrefu, akidhani kipimo kimekwisha. Sista akamwonyesha mchoro. Mstari ulianza tambarare kushoto, ukaporomoka kulia kama barabara ya kushuka ziwani.

“Huku ni sauti nene, unazo. Huku ni nyembamba, zimekwenda. Ni injini hiyo. Hazirudi.”

“Na mlio?”

“Ubongo wako unangoja zile sauti za juu, hazifiki. Kwa hiyo unaongeza redio yake mpaka mwisho ukitafuta stesheni. Unachosikia ni redio isiyo na stesheni. Sikio lako halilii, Mwalimu. Ni ubongo unaotafuta.”

Bernadi alipenda maelezo hayo. Yalikuwa na sababu na matokeo, kila kimoja mahali pake. Sista akamwekea kifaa cha kusaidia kusikia nyuma ya sikio la kushoto, kimoja kati ya vile vilivyotoka kwa wafadhili, akampa na vizibo vya kuvaa mashineni tu.

“Mashineni tu,” alirudia. “Kwingine usizibe sikio hata kwa kidole. Ukiliziba, dunia inanyamaza na mlio unapanda. Usikae kimya kitupu. Ukilala, washa redio katikati ya stesheni mbili, ivume kidogo, chini ya mlio wako, usiufunike. Na kila siku mtu akusemeshe akiwa amefunika mdomo, wewe urudie. Masikio tumeyapima. Sasa tunafundisha kusikiliza.”

“Kwa hiyo mlio utakwisha?”

“Sikuahidi hivyo. Dawa ya kuuondoa hakuna. Utakuwepo, ila utaacha kuugeukia, kama usivyoigeukia saa ya ukutani. Wengine hupitisha siku nzima bila kuukumbuka.”

“Na nikiutaka?”

Sista akaweka kalamu chini. “Ukiutaka wa nini?”

Bernadi akasema anauliza tu.

*

Mdomo ulifunikwa kwa ungo, na nyuma ya ungo alikaa mkewe, Beata. Sista alikuwa amesema yasemwe maneno ya kawaida. Beata alianza na chai, jani, kisu, sahani. Siku ya pili akachoka, akaanza kusema habari za kijiji, akagundua kwamba mumewe anasikia mara mbili zaidi.

“Bonifasia amemrudishia Ignatio vitenge vyake.”

“Bonifasia amemrudishia Ignatio vitenge vyake,” alirudia Bernadi. Bonifasia aliimba sauti ya kwanza, na Ignatio alikuwa mchumba wake. “Kwa nini?”

“Huulizi. Unarudia.” Ungo ukatulia. “Ulisema utaziba paa la jiko kabla ya mvua.”

“Hilo sikulisikia.”

“Umelisikia. Umekunja uso.”

Redio ilikuwa vita nyingine. Maduka ya Mbinga siku hizi yalijaa betri, hakuna tena kupanga foleni ya dukani, hivyo Beata hakuweza kusema betri zimekosekana. “Nilidhani nimeolewa na mwalimu wa kwaya,” aliwaambia majirani kisimani. “Kumbe ninalala kando ya kikaango.” Lakini baada ya muda akawa akiamka usiku na kuikuta imezimika, huiwasha mwenyewe. Alidai ni kwa ajili ya matibabu.

Kidogo kidogo vitu vikaanza kurudi. Ndala za Beata sakafuni. Maji yanayokaribia kuchemka. Asubuhi moja Bernadi alisimama uani, akasikia kahawa ikigeuzwa kwenye kichanja, ile chakarachakara ya maganda makavu, akashangaa; kwa miaka alidhani imekoma kwa sababu walinunua wavu mpya. Alikuwa ameulaumu wavu bure. Aliandika hesabu hiyo kichwani upande wa faida.

Upande wa hasara ulikuwa huu: siku nyingine alifika mpaka saa ya chai hajaukumbuka mlio. Mtu wa kawaida angeshukuru Mungu. Bernadi alishtuka, kama mwenye duka aliyeacha funguo mlangoni. Mazoezini, kabla ya kuingia kanisani, alianza kuzunguka nyuma ya ukuta, akachomoa kifaa, akaziba masikio yote mawili kwa vidole, akangoja. A ilikuja. Akaishika mdomoni kwa kuimung'unya, akaingia nayo ndani mbiombio kama anayebeba kaa la moto kutoka kwa jirani, na kifaa kikabaki mfukoni. Akirudishia kifaa, A ilimtoroka. Kwa hiyo mazoezini hakuvaa.

“Mwalimu,” alisema Ottilia, “mkeo, Mama Restituta, anasema siku hizi unasikia hata anayoyawaza. Mbona hapa husikii?”

“Nasikia.”

“Mbuzi wa Antoni wanasemaje?”

*

Lori liliwachukua kutoka Mbinga alfajiri, likashuka kona baada ya kona, baridi ikibaki nyuma kwa mafungu, mpaka ziwa likaonekana chini, kubwa kupita ilivyohitajika. Wenyeji wao, Wanyasa wa kijiji kimoja cha pwani, waliwapokea kwa vigelegele na kwa utani. Mbele alisimama mama mmoja mnene, Rosina, kiongozi wa kwaya ya pale.

“Karibuni, watu wa baridi! Vueni makoti. Na tembeeni bila hofu, huku hatujachimba mashimo ya kulimia kama ya mashamba yenu ya milimani.”

“Asante, dada,” alisema Ottilia akishuka. “Nanyi msitupe samaki wa miiba. Tumekuja kuimba, hatukuja kukohoa.”

Kanisa lilikuwa dogo kwa watu wote wale. Misa ikawekwa nje, juu ya mchanga, altare chini ya turubai. Upepo wa kusini ulikuwa umevuma tangu jana yake, na mawimbi yalifika moja baada ya jingine, yakapasuka, yakarudi na kokoto. Kwaya ya Rosina iliimba kwanza, ikiyachukulia mawimbi kama ngoma yake. Watu wakashangilia.

Bernadi alikuwa amevaa kifaa. Alikusudia kuzunguka mahali pa kuzibia masikio kabla ya zamu yao, lakini pwani haina ukuta wa nyuma. Ina watu, mitumbwi iliyopinduliwa, na watu tena. Akaitwa. Akasimama mbele ya kwaya yake, akafumba macho kidogo kama kawaida, akaenda kuichukua A.

Haikuwepo.

Alitafuta kushoto, akatafuta kulia. Palikuwa na mawimbi. Mvumo wao ulijaa kichwani mwake toka ukuta hadi ukuta, mpana, laini, na ndani yake mlio ulikuwa umezama kama sindano iliyoanguka katika debe la unga. Kwa mara ya kwanza tangu aanze kusaga mahindi ya watu, Bernadi Kinunda alikuwa hana noti.

Akafumbua macho. Kwaya ilimtazama. Padri Xaveri, kwenye kiti pembeni, aliinama mbele kidogo. Mstari wa nyuma, Dunstan alitia mkono mfukoni, taratibu, mkono wa mtu asiyetaka kuonekana anaharakisha.

Bernadi akainua mikono kuelekea masikioni. Alijua kabisa kitakachotokea. Atachomoa kifaa, ataziba, A itakuja. Atatoa *do* yake, safi, leo kama jana. Kisha ataongoza kwaya iliyo ndani ya blanketi, akiamuru wapaze, mbele ya dekania nzima. Upande wa pili hakujua kitakachotokea. Alijua tu kwamba hivi sasa, kifaa kikiwa sikioni, alikuwa anamsikia Ottilia akisafisha koo, na hata kitambaa chake kikipigwa na upepo.

Kwaya, ikiona mikono imeinuliwa, ilivuta pumzi yote kwa pamoja na kuishikilia.

Akaishusha mikono. Kwaya ikapumua.

“Ottilia,” alisema kwa sauti ya chini. “Toa sauti wewe.”

“Ipi, Mwalimu?”

“Ile koo lako linayoitaka.”

Ottilia alimtazama kama mtu aliyeambiwa achague kipande cha nyama mwenyewe. “Na ulikuwa wapi miaka yote hii?” akanong'ona. Kisha akafunga mdomo, akamung'unya noti moja, chini, pana, imekaa. Sauti ya pili ikaipokea, kisha ya tatu, kisha besi. Bernadi akainua mikono upya, safari hii kwa kazi yake.

Wimbo ukaanza. Haukupaa kwa kelele, ulitembea. Besi ilishuka mahali ilipokuwa haijafika siku nyingi, na Antoni mwenye mbuzi, aliyezoea kuimba kama anaita mtu ng'ambo ya bonde, alitabasamu kwa mshangao wa kukuta chini ya sauti yake kuna chumba kingine. Na sauti ya kwanza ilikuwepo. Ilikuwepo yote, na kingo zake, na kila herufi: zile *s*, zile *t*, zile *f* ambazo Bernadi alikuwa amezishtaki kwa utoro. Aliwapungia mkono washushe. Ulikuwa mkono ambao hawakuwahi kuuona kwake. Baadhi walidhani anafukuza nzi. Kisha wakaelewa, wakashusha, na mawimbi yakapata nafasi ya kusikika kati ya ubeti na ubeti.

Neno la mwisho likaisha. Halafu Rosina akapiga kigelegele, na wengine wakafuata.

*

Baada ya misa walikaa mchangani na sahani za ugali na samaki. Dunstan alikuja na filimbi yake mkononi, akiwa ameshapima.

“Mwalimu, *do* ilikuwa F. Pungufu kwa unywele tu. Ni kama ilivyoandikwa. Ulijuaje?”

“Sikujua. Ottilia ndiye aliyejua.”

“Sikujua kitu,” alisema Ottilia, akichambua mwiba. “Nilichoka.”

Padri Xaveri akaja, akausogelea mtumbwi uliopinduliwa, akaukalia. “Haya. Nilisema mpaka sikukuu, na sikukuu ndiyo hii. Wimbo ulikwenda vizuri, lakini nimeona alivyosimama pale mwanzo, nanyi mmeona. Sitaki kuamua peke yangu. Mwalimu Bernadi, au Mwalimu Dunstan? Semeni.”

Wengine wakatazama sahani. Dunstan alisema hana neno, akageukia ziwa, na jasho likamtoka kwa aibu au kwa jua. Bernadi aliendelea kula. Ushahidi ulikuwa mbele yao, na kuuongezea maombi kungeuharibu.

“Kabla hatujasema,” alisema Ottilia, “Mwalimu kwanza aseme. Sauti ya kwanza tumeimbaje?”

Mstari mzima wa akina mama uliacha kutafuna. Lilikuwa swali la haki, na kila mmoja alijua majibu ya zamani: mmelala, hamsikiki, pazeni.

Bernadi aliweka sahani chini, akafuta vidole.

“Ubeti wa kwanza vizuri. Ubeti wa pili mlivuta pumzi katikati ya neno ‘mbinguni’. Mbi, halafu pumzi, halafu nguni. Wote, isipokuwa Ottilia. Na upande wa kulia kuna mmoja aliyeisahau sauti yake kwenye kiitikio, akaazima ya pili mpaka mwisho.” Akafikiri kidogo, kwa kutaka kuwa sahihi. “Aliiimba vizuri. Lakini si yake.”

Akina mama wakageukia kulia. Kisha Bonifasia, aliyekaa kulia kabisa, akajifunika uso kwa kanga, na sauti ya kwanza ikalipuka.

“Amesikia! Jamani, amesikia!”

“Mbi, pumzi, nguni! Nilikuambia, Bonifasia, nilikuambia!”

“Mwalimu, na mimi je? Mimi ulinisikia?”

Walicheka mpaka wenyeji wakaja kuuliza kuna nini. Hakuna mtu aliyewahi kufurahi hivyo kwa kukosolewa. Padri Xaveri alingoja, akakata tamaa ya kungoja, akapaza sauti:

“Ndiyo jibu hilo?”

“Ndilo, Baba Padri,” alisema Ottilia, akifuta machozi kwa kiganja. “Mwalimu tunaye. Dunstan ashike karatasi na filimbi atukumbushe tulipoandikiwa, maana naye amesoma. Na kutoa sauti nitatoa mimi, hilo sirudishi.”

Dunstan akageuka kutoka ziwani, uso umemfunguka, akasema hilo linamtosha. Alionekana kama mtu aliyepunguziwa mzigo njiani.

“Umekubali, Bernadi?” aliuliza Padri.

“Nimekubali. Basi tuurudie ubeti wa pili.”

“Tukishakula, Mwalimu.”

“Sasa, wakati kosa bado bichi. Ottilia, sauti.”

Lakini Ottilia alikuwa ameshaanza.